Aliniambia "Sawa, Baba", Mimi Nikaandika Vingine

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, na naomba usinicheke, maana mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na sita na sijawahi kuandika barua ya namna hii, hata mke wangu nilimchumbia kwa mdomo, lakini jambo hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, nikimeza linachoma na nikikohoa halitoki, na kwa kuwa gazeti lako linasomwa mpaka nyumbani kwangu naomba usiandike jina langu, ingawa wachezaji wenzangu wa zamani wataijua habari hii kabla hawajafika katikati, na hao siwezi kuwazuia.

Nilicheza kriketi ya kulipwa kwa miaka kumi na minne. Nilikuwa mpigaji, yaani yule anayesimama na gongo mbele ya vijiti vitatu, akizuia mpira usiviangushe na kutafuta mikimbio kila anapopata nafasi, na waliniita Jiwe kwa sababu nikishasimama pale sing'oki, warushaji walikuwa wakipokezana mpaka mabega yanawauma na mimi nipo tu. Sikuwa na mbwembwe. Wapo waliopiga mpira ukavunja vioo vya magari nje ya uwanja na watu wakawabeba juu juu, mimi nilibebwa na miguu yangu mwenyewe, lakini timu ikiwa taabani ndipo walipokuwa wakiuliza Jiwe yuko wapi.

Na nilivyotoka kwenye mchezo ni hivi. Mechi yangu ya mwisho kabla timu ya taifa haijatajwa, nina mikimbio tisini na moja, tisa tu nifike mia, mpira ukapita kando ya gongo langu bila kuligusa, mdakaji aliye nyuma ya vijiti akaudaka, na timu nzima ikapiga kelele kudai nimetoka. Kwa wasiojua mchezo wetu, mpira ukigusa gongo kisha ukadakwa kabla ya kuanguka chini, wewe mpigaji umetoka, usipogusa gongo hujatoka, na anayeamua ni mwamuzi peke yake kwa macho na masikio yake. Mwamuzi wa siku ile, mzee mmoja mwembamba mwenye kofia pana, akainua kidole. Kwetu kidole kikishainuka umekufa, hupingi wala huulizi, unainamisha kichwa na kwenda zako, nami nilikwenda, nikakaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo nimevaa kinga za miguu mpaka mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu apitishe ufagio. Sikuchaguliwa, mkataba ukaisha, nami nikaisha nao.

Nikageuka kuwa mwamuzi, na nisikudanganye, sikuifuata kazi hiyo kwa mapenzi, nilitaka kuwaonyesha watu inavyofanywa na mwenye macho. Mwaka wa ishirini huu navaa koti jeupe na kutia kokoto sita mfukoni, maana mrushaji hurusha mipira sita kwa zamu, kila mpira ukirushwa nahamisha kokoto moja mfuko wa pili ili nisipoteze hesabu, na sijawahi kuipoteza. Yule mzee wa kofia pana nilimkuta kwenye mafunzo ya waamuzi, alikuwa mmoja wa waliotufundisha, na wakati wa mapumziko alinifuata dirishani na kikombe cha chai kinamtetemeka mkononi, akaanza kuniambia, "Jiwe, ile siku ya tisini na moja yako, mimi..." nami nikamkata kauli, nikamwambia mzee, hayo yameshapita, nikamwacha pale na kikombe chake. Alifariki mwaka wa pili yake. Hili nalitaja tu ili unijue nilikotoka, halihusiani na ninalokuuliza.

Ninalokuuliza ni juu ya mkwe wangu. Amemwoa binti yangu wa kwanza, na yeye pia ni mpigaji wa kulipwa, ana miaka thelathini, kijana mtaratibu ambaye kabla ya kuja kuposa alikuja kututengenezea bomba la jikoni, na baada ya kuoa ameendelea kulitengeneza maana bomba lenyewe ni bovu. Ananiita baba na si kwa kunipaka mafuta. Wengi wanasema ana mkono mzuri kuliko niliokuwa nao mimi, na wanaolisema hulisema nikiwepo.

Mwezi uliopita ilikuwa fainali ya kombe, timu yake imo, na kwa kawaida nisingesimamia mechi anayocheza, lakini mwamuzi aliyepangwa aliamka na homa na wa akiba nilikuwa mimi, mwenyekiti wa chama chetu akawauliza manahodha wote wawili, wakakubali. Tulipokuwa tunarusha sarafu yule nahodha wa timu pinzani akanipiga begani akasema, "Sisi tunakuamini, mwamuzi. Lakini mkwe ni mkwe." Watu wakacheka, nikacheka nao, na kicheko hicho nikashinda nacho juani tangu asubuhi.

Mkwe wangu alicheza vizuri, kusema kweli alicheza kama mtu anayepiga soga na mpira, na alipofika themanini na tisa nilikuwa najua bila kutazama ubao, miwili tu aifikie tisini na moja yangu, na kwenye uwanja uleule. Mpira uliofuata ulisugua kinga ya mguu wake. Nilisikia sauti ya kitambaa, mshauri, haikuwa sauti ya mti, na sauti hizo mbili nimezisikia miaka arobaini na hata nikiwa nasinzia siwezi kuzichanganya. Mdakaji akaudaka, wote wakanigeukia wakipiga kelele, yule nahodha ananitazama huku anatabasamu, na kidole changu kikapanda.

Mkwe wangu alisimama kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akatia gongo kwapani, akaja upande wangu, na alipopita ubavuni mwangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Sawa, baba," akaenda zake.

Baada ya mechi waamuzi hujaza ripoti, kile chumba chetu kina viti viwili na birika, nikaketi nikajaza, na penye nafasi ya utovu wa nidhamu nikaandika kwamba mpigaji alichelewa makusudi kuondoka na alimtolea mwamuzi maneno. Mwamuzi mwenzangu wa siku ile akatia sahihi huku anafungua kamba za viatu, hakusoma, ananiamini. Kamati ya nidhamu ikamfungia mkwe wangu mechi sita, na mechi sita ndizo zote za ligi zilizobaki msimu huu, na klabu yake inapanga mikataba msimu ukiisha na imeshasema waliofungiwa hawatafikiriwa. Alipotakiwa kujitetea alijaza mstari mmoja tu, kwamba anakubali.

Mwenyekiti wa chama alinishika mkono mbele za watu akasema hawa ndio waamuzi tunaowataka, asiyejali wa kwake wala wa mwenzake, na jina langu limepelekwa nipandishwe daraja la juu kabisa, jambo nililolingojea miaka tisa. Lakini nyumbani kumepoa. Binti yangu ndiye aliyekuwa akinifulia koti langu jeupe na kulipiga pasi tangu akiwa shule, safari hii amelirudisha kwenye mfuko wa plastiki likiwa vilevile na doa la nyasi kwenye mkono. Mke wangu ananipakulia chakula na kwenda kulia chake uani. Nimemnunulia mkwe wangu gongo jipya, zuri kuliko lolote nililowahi kushika, akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na nilipokwenda kwao juzi nikalikuta limeegemezwa nyuma ya mlango halijatolewa hata kwenye nailoni.

Sasa dirisha la rufaa linafungwa Ijumaa ijayo, na mimi najiuliza, nikiri kwamba kidole changu kilikosea? Mechi imekwisha, kombe limeshachukuliwa, uamuzi wa uwanjani haubadilishwi hata mwamuzi akilia machozi ya damu, na nikikiri mimi nitapoteza daraja na jina la miaka ishirini kwa mpira mmoja tu, wakati kila mwamuzi hukosea. Je, si afadhali ninyamaze, nimsaidie mkwe wangu kwa njia nyingine, na muda ufanye kazi yake? Naomba unijibu upesi, na naomba usinionee haya kunieleza ukweli.

Ni mimi,
Jiwe

*

Ndugu Jiwe,

Haya sikuonei, hilo lisikutie shaka. Barua yako nimeitanguliza mbele ya mbili za mapenzi kwa sababu yako ina tarehe ya mwisho, na wapenzi wamezoea kusubiri.

Kwanza nikiri langu, kriketi siijui. Nimemwendea mwenzangu anayeandika habari za michezo, dawati lake liko mkabala na langu, nikamsomea barua yako na kuficha jina. Alikusifia sana. Alisema waamuzi hukosea kila wiki, jua kali, kelele, mpira unakwenda mbio, na hata walio bora huinua kidole pasipostahili. Nikamwambia ngoja, sijamaliza. Nikamsomea pale penye viti viwili na birika, naye akavua miwani yake akaanza kuifuta, akasema, "Hilo halihusu kriketi."

Ndivyo na mimi ninavyosema. Umeniandikia kurasa tano juu ya kidole, na swali lako lote ni la kidole, kwamba kilikosea au hakikukosea, kwamba kikiri au kinyamaze. Ndugu yangu, kidole nimekisamehe kabla ya kufika mwisho wa ukurasa. Kilipanda kwa kuogopa kicheko cha watu, na woga ni ugonjwa wa wengi, mimi mwenyewe ninao. Lakini kalamu ulikwenda kuishika umekaa kitako, jua limekwisha, hakuna aliyekupigia kelele, na chai ipo. Ulikuwa na nafasi yote ya duniani ya kuandika alichosema. Alisema maneno mawili, "Sawa, baba." Wewe ukaandika kwamba alikutolea maneno. Halafu aya nzima ya uongo ukaipitisha kwangu mbio mbio kama mtu anayepitisha mzigo mlangoni akitumaini hautafunguliwa. Nimeufungua.

Na usiniambie kwamba hukumbuki kwa nini uliandika. Tisini na moja umenitajia mara tatu. Sikukuuliza hata mara moja. Ubao hukuutazama na bado ulijua kabakiza miwili. Baba mkwe aliyemtakia kijana wake heri angekuwa anamwombea aifikishe, wewe ulikuwa unaihesabu kama kokoto zako. Hilo linaitwa wivu, Ndugu Jiwe, na mzee kumwonea wivu mume wa binti yake ni jambo la aibu, lakini linawapata wazee wengi kuliko wanavyokiri, na aibu yake hupungua likishaitwa kwa jina lake. Huyo nahodha mwenye kicheko alikupa kisingizio tu.

Umeniumiza kwa lingine. Kijana alitakiwa kujitetea akaandika mstari mmoja. Angeweza kuandika ukweli na angepona, kwa maana maneno "sawa, baba" hayamfungii mtu hata nusu ya mechi. Hakuandika, kwa sababu ili ajitetee ingebidi amwite baba wa mke wake mwongo mbele ya kamati. Amekuvika heshima yake, nawe umeivaa ukaenda nayo kupeana mkono na mwenyekiti. Mkuki kwa nguruwe, ndugu yangu. Ulipochomwa wewe ulikaa na kinga miguuni mpaka ufagio ukakuinua, na miaka ishirini hujaacha kuhadithia. Huyu ulimchoma mara mbili na unamletea gongo.

Unasema muda ufanye kazi yake. Muda hauna kazi hiyo. Umekaa nao miaka ishirini na moja tangu yule mzee akutoe, ungekuwa unafuta ungeshafuta tisini na moja.

Sasa sikiliza nikuambie la kufanya, na usinijibu kwamba ni gumu, najua ni gumu.

Usingoje Ijumaa. Jumatatu asubuhi andika barua kwa kamati ya nidhamu kwa mkono wako mwenyewe. Usiandike "huenda", usiandike "katika mazingira ya mchezo". Andika: mpigaji huyu alisimama pumzi mbili, aliniambia "sawa, baba", aliondoka, na nilichokiandika kwenye ripoti si kweli. Barua iwe hivyo tu. Kabla hujaipeleka mpe mwenzako aliyetia sahihi aisome, na safari hii hakikisha ameisoma, maana uliweka jina lake juu ya uongo wako na yeye pia ana jina la kulinda. Habari ya kidole iweke mwishoni kama dhamiri inakusukuma, lakini usiitangulize ili ikufunike.

Daraja la juu litakwenda. Sitakubembeleza kwamba huenda watakuonea huruma, sidhani, na kama mimi ningekuwa kwenye chama hicho nisingekupandisha. Pengine hata koti watakuvua. Wewe uliingia kwenye kazi hiyo kuwaonyesha watu inavyofanywa na mwenye macho, basi hii ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kuwaonyesha, na ni nafasi chungu. Yeye ana miaka thelathini na mkataba mmoja mkononi. Wewe una nyumba yako na bomba bovu. Asiyeweza kupima hapo nani kambebea mwenzake hasara asiwe mwamuzi wa chochote.

Koti lako lipige pasi mwenyewe. Doa la nyasi linatoka kwa sabuni ya kipande na maji baridi, usitie ya moto. Mkeo usimtume kwa binti, binti usimtume kwa mumewe, na lile gongo usiliulizie tena, liache nyuma ya mlango. Siku atakayolitoa kwenye nailoni atalitoa mwenyewe, na asipolitoa ni haki yake pia.

Halafu nenda kwake, si kwa simu. Nenda mchana akiwepo, kaa pale watakapokukalisha, umwambie hayo hayo uliyoyaandikia kamati, na uongeze lile la mikimbio miwili iliyobaki, hata kama litakuchoma ulimi. Namjua kijana wako kwa barua yako tu, lakini nadhani najua atakachofanya. Ataona haya kukuona umeinama. Atakukatiza katikati akuambie, "Baba, hayo yameshapita."

Usishukuru. Usinyanyuke. Wewe unajua maneno hayo ni nini, uliwahi kumfungia nayo mtu mdomo kwa sababu kinyongo chako kilikuwa ndiyo mali pekee uliyobaki nayo na hukutaka aje akuchukulie. Uliniambia mzee yule hahusiani na unaloniuliza. Alikuja na kikombe kinatetemeka, alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na alizikwa nayo.

Mwambie mkwe wako akuvumilie kidogo, kisha umalize yako.